Matumbo ya Samaki na Hesabu ya Mabwawa

Katika jikoni nyingi za nchi hii, samaki mbichi akiletwa kazi ya kwanza ni kumpaa na kumtoa matumbo. Hayatazamwi mara mbili. Hutupiwa paka, au hufukiwa nyuma ya nyumba kabla nzi hawajajaa. Desturi hiyo ina hekima yake. Samaki akishakufa, kinga ya mwili wake hukoma, na bakteria waliokuwa wakiishi ndani ya utumbo huzivuka kuta zake na kuanza kuila nyama. Anayechelewa kutoa matumbo atapata kitoweo kinachonuka. Hivyo ndivyo tulivyojifunza, kizazi baada ya kizazi, kuyahesabu matumbo ya samaki kuwa ni uchafu.

Katika makala haya nataka kuyatetea matumbo hayo. Samaki angali hai, mahali hapo tunapopaita uchafu ndipo sehemu kubwa ya afya yake inapojengwa. Ukweli huu wa kibaolojia una uzito wa kisiasa pia, hasa katika nchi ambayo sasa inawahimiza vijana wake wachimbe mabwawa.

Nitangulize kusema kwamba mimi si mtaalamu wa samaki. Nafundisha masuala ya siasa na maendeleo, na mambo ya vijidudu nimeyasoma kama raia yeyote anavyoweza kusoma akilazimika. Kilichonilazimisha ni Laela.

Laela ni mji mdogo katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwenye barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, yapata kilomita 95 kabla ya kufika Sumbawanga. Maziwa mawili yametuzunguka, lakini yote yako chini yetu. Upande wa mashariki, ukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa, utalikuta Ziwa Rukwa kwenye mwinuko wa mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi, kupitia njia ya Kasanga, utafika Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Sisi tuko mamia ya mita juu ya maziwa hayo, kwenye nyasi, upepo na baridi. Ndiyo maana samaki, kwa mtu wa Laela, alikuwa kitu kinachofika kikiwa kimekauka: dagaa na migebuka kutoka Tanganyika, perege na kambale kutoka Rukwa, ndani ya viroba, juu ya magari na baiskeli. Tulimjua samaki kwa ladha na kwa bei. Hatukumjua akiwa hai. Hatukujua akiumwa anafanyaje, akishiba anafanyaje, wala usiku wa baridi anajificha wapi.

Hali hiyo imebadilika. Maziwa yamechoka, na dola imelikiri hilo hadharani. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu zilisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Yeyote aliyekuwa Ufipa miezi ile anajua maana ya soko kukosa mgebuka. Wito wa kufuga samaki, ambao ulikuwa ukitolewa tangu zamani, ukawa na sauti kubwa zaidi. Huko Ziwa Victoria vijana wanahimizwa kuingia kwenye vizimba. Huku kwetu milimani wanahimizwa kuchimba mabwawa. Wito huo ni mzuri, nami nauunga mkono. Samaki ni protini, na Rukwa, mkoa unaolima mahindi kwa wingi, ni miongoni mwa mikoa ambayo udumavu wa watoto umekuwa juu kwa miaka mingi. Mtoto anayeshiba ugali anaweza kudumaa vilevile ikiwa mboga yake ni chumvi.

Nilipokuwa likizo, nilikwenda kutembelea kikundi cha vijana na akina mama kilichochimba mabwawa mawili kwenye bonde la kijito, nje kidogo ya mji. Walikuwa wamekopa fedha, wakanunua vifaranga vya sato, wakajenga banda la kuku juu ya bwawa moja ili kinyesi kianguke majini na kuyarutubisha. Ilikuwa mwezi wa Julai. Mwekahazina wa kikundi, mama wa makamo aliyenisalimia kwa heshima ya jina la kazi yangu, alinionyesha ndoo yenye samaki kumi na kitu waliokufa usiku ule. Walikuwa wadogo kuliko walivyopaswa kuwa kwa umri wao. Wengine walikuwa na vidonda vyekundu ubavuni.

"Tumeshawatia dawa, Mwalimu," aliniambia. Akanionyesha pakiti: oksitetrasaiklini ya unga, ile ya kuku, iliyonunuliwa duka la dawa za mifugo. Walikuwa wameichanganya na pumba, na iliyobaki wakaimwaga majini.

Nilimwuliza nani aliwaelekeza. Akanijibu kwa swali ambalo sijalisahau: "Kuku akiugua tunampa hii anapona. Samaki naye ana nini cha zaidi?"

Swali hilo linastahili jibu la heshima, na jibu lenyewe liko tumboni.

Samaki anapototolewa, utumbo wake hauna bakteria. Huwapata anapoanza kufungua kinywa: kutoka kwenye ganda la yai, kutoka kwenye maji, kutoka kwenye chakula cha kwanza. Wanasayansi wamewalea samaki wadogo wa maabara katika maji yasiyo na kijidudu hata kimoja ili waone kitakachotokea. Samaki hao waliishi kwa muda, lakini utumbo wao haukukomaa kama wa wenzao. Seli za kuta zake hazikuongezeka kama ilivyotarajiwa, na usagaji wa chakula ukawa na kasoro. Maana yake ni kwamba bakteria wanashiriki kulijenga tumbo lenyewe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, wakikusudia malezi ya watoto. Nadhani wangefurahi kujua kwamba usemi wao ni kweli pia kwa samaki mwenyewe, akiwa bado na urefu wa kucha.

Utumbo wa perege ni mrefu mno, mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, umejikunja kama kamba ndani ya kikapu. Ni tumbo la mla majani na mwani, kiumbe anayelazimika kutoa lishe nyingi katika chakula hafifu. Miaka ya mwanzo ya 1970 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Ziwa George, nchini Uganda, walieleza jambo la ajabu juu ya sato wa ziwa lile. Tumbo la sato huzalisha tindikali kali kuliko wanyama wengi, kiasi cha kipimo cha pH kushuka chini ya 2, na tindikali hiyo ndiyo inayovunja kuta za mwani wa kijani-bluu. Lakini tindikali haiwi tayari alfajiri samaki anapoanza kula. Mwani wa kwanza wa siku hupita tumboni ukatoka ukiwa bado kijani, haujasagwa. Kadiri saa zinavyokwenda na samaki anavyoendelea kula, tindikali huongezeka na chakula huanza kumfaa. Tumbo la samaki, kwa hiyo, lina ratiba yake, na mfugaji asiyeijua ratiba hiyo anaweza kupoteza chakula akidhani anakitoa kwa ukarimu.

Baada ya tumbo lenye tindikali huja utumbo, na humo ndimo wenyeji wanamoishi. Mmoja wao anastahili kutajwa kwa jina, kwa kuwa ametutumikia bila kutambuliwa. Ni bakteria aitwaye Cetobacterium somerae, apatikanaye kwa wingi katika matumbo ya samaki wengi wa maji baridi, perege akiwemo. Hutengeneza vitamini B12. Tangu miaka ya 1980 ilijulikana kwamba perege hahitaji kutiliwa vitamini hiyo kwenye chakula, kwa sababu hutengenezwa ndani ya utumbo wake. Baadaye ikafahamika nani hasa anaifanya kazi hiyo. Vitamini B12 ni ile ile ambayo binadamu anahitaji kwa damu na mishipa ya fahamu, na ambayo haimo katika ugali wala maharage. Sisi tunaipata kutoka kwa wanyama, na wanyama wanaipata kutoka kwa vijidudu.

Wenyeji hao wa utumbo wana kazi nyingine, ya ulinzi. Wanakalia nafasi. Wanakula chakula ambacho adui angekila. Baadhi yao hutoa kemikali zinazomzuia mgeni asishike mizizi. Wanaishtua kinga ya mwili wa samaki kwa kiasi, kama walinzi wa sungusungu wanaofanya zoezi ili wasilale. Katika maji yoyote ya bwawa wamo bakteria wa jamii ya Aeromonas, wanaoweza kusababisha vidonda kama vile nilivyoviona kwenye ndoo. Wamo wakati wote, hata samaki wakiwa wazima. Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini siku hiyo, katika bwawa hilo, ulinzi ulishindwa.

Kwa Ufipa sehemu ya jibu ni baridi. Sato hustawi katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 ukuaji unakaribia kusimama. Yakifika 16 au 17 huacha kula, na yakishuka karibu na 11 anaweza kufa. Bwawa dogo, lenye kina kifupi, katika uwanda unaopigwa na upepo wa Juni na Julai, hupoa haraka usiku. Samaki anapopoa, tumbo lake hupoa pia, kwa kuwa hana joto la mwili la kwake kama kuku. Usagaji hupungua, kinga hulegea, na jamii ya bakteria wa utumboni hubadilika, kwa sababu wao nao ni viumbe wa joto fulani. Kuku ana joto lake mwenyewe, na yuko mbali na kinyesi chake kwa urefu wa miguu yake. Samaki anaishi, anakula, anavuta pumzi na kunya katika maji yale yale. Hicho ndicho alichonacho cha zaidi, mama yangu. Mpaka kati ya ndani yake na nje yake ni mwembamba kuliko wa kuku. Bwawa lake ni kama tumbo la pili.

Sasa tazama kilichotokea. Kikundi kilifundishwa kulisha asubuhi na jioni, kwa mujibu wa mwongozo ulioandikiwa sehemu zenye joto. Asubuhi ya Julai, maji yakiwa bado ya baridi, samaki hawakula. Pumba zikazama, zikaoza, zikala oksijeni ya maji. Kinyesi kibichi cha kuku kikaendelea kudondoka kutoka juu, kikaoza nacho. Samaki waliokuwa wamelegea wakaingia kwenye maji mazito. Vidonda vikatokea. Ndipo pakiti ilipofunguliwa.

Antibayotiki haina macho. Inaua bakteria inaoweza kuwaua, mlinzi na mvamizi kwa pamoja. Ikimwagwa bwawani, huanza na wenyeji wa utumbo na wale wa majini wanaosafisha uchafu, kisha huwaacha hai wale waliokwisha kujifunza kuivumilia. Aliyebaki hana mshindani, na mji wote ni wake. Wiki moja au mbili samaki wanaweza kuonekana wamepata nafuu, hasa jua likiwaka, na mfugaji akaamini dawa imefanya kazi. Kisha vifo vinarudi, na safari ya pili dozi inakuwa kubwa zaidi.

Ingeishia hapo, ungekuwa msiba wa kikundi kimoja. Haiishii hapo. Maji ya bwawa hufunguliwa kwenye kijito, kijito hunywesha ng'ombe na bustani, na watoto huogelea humo. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliochunguza mazingira ya mabwawa ya samaki yanayofugwa pamoja na mifugo mingine, katika Pakistani na hapa Tanzania. Watafiti walikuta ndani ya bakteria wa mabwawa hayo jeni zinazowapa uwezo wa kuhimili antibayotiki za aina mbalimbali. Njia moja inayoeleweka kwa urahisi ni ile ya banda lililo juu ya maji: kuku anapewa dawa, sehemu ya dawa hutoka na kinyesi, na bakteria sugu wa kuku hutoka nacho. Hapo chini wanawakuta bakteria wa samaki. Bakteria wana uwezo wa kupeana jeni hata wakiwa wa jamii tofauti, kama majirani wanaoazimana jembe. Bwawa linageuka soko la usugu.

Nchi yetu imelipa jambo hili jina rasmi, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, na imekuwa na mpango kazi wa kitaifa wa kupambana nalo tangu mwaka 2017. Mabango yake nimeyaona hospitalini. Yanamsihi mgonjwa amalize dozi na asinunue dawa bila cheti cha daktari. Ni maneno ya haki. Lakini bango la hospitalini halimfikii mwekahazina aliyesimama kando ya bwawa na ndoo mkononi. Mtoto wake akipata homa ya matumbo ambayo dawa za kawaida haziitibu, hakuna atakayeirudisha hesabu hiyo hadi dukani kwenye unga wa kuku.

Kuna kosa la lugha pia, ambalo sisi tunaoishi kwa kuandika hatuna budi kulitazama. Kwa Kiswahili, viumbe hawa wote tunawaita vijidudu, au vimelea. Kimelea ni kitu kilichoota juu ya mwenzake na kumnyonya. Tukishamwita kiumbe kimelea, tumemhukumu kabla ya kumsikiliza. Kampeni zetu za afya, kwa nia njema kabisa, zimetufundisha kwamba kila kisichoonekana ni adui wa kuuawa. Hatukupewa neno la kawaida la kumwita kijidudu mwema, na jambo lisilo na neno ni vigumu kuliombea bajeti.

Hata hivyo maarifa yenyewe tunayo, kwa jina lingine. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kusikia neno bakteria hadi uzeeni, alilima kwa intumba maisha yake yote. Msomaji asiye wa Ufipa aelewe kwamba intumba ni kilima kidogo cha udongo. Mwishoni mwa mvua, nyasi hukatwa na kufukiwa chini ya udongo, vikafanywa vilima vya mviringo shamba zima. Maharage hupandwa juu yake. Nyasi huoza ndani kimyakimya msimu wote, na mvua zinazofuata vilima hutawanywa, ulezi au mahindi yakapandwa kwenye udongo ulionona. Watafiti waliokuja Ufipa walivutiwa sana na kilimo hiki. Shangazi alikuwa akisema udongo nao hula, na asiyeulisha asiulaumu. Alikuwa akiwalisha wasioonekana, akijua kwa matokeo kwamba wapo.

Na togwa je? Utafiti uliofanyika vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa njia ya asili walikuwa na bakteria waletao magonjwa wachache zaidi katika matumbo yao kuliko waliolishwa uji usiochachushwa. Bibi zetu hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na chungu, muda na uvumilivu. Leo katika nchi nyingi wafugaji wa samaki hununua kwa bei kubwa unga wenye bakteria wema, wa jamii ya Bacillus na Lactobacillus, na kuuchanganya na chakula. Majaribio mengi kwa perege yameonyesha ukuaji bora na vifo vichache, ingawa si kila jaribio. Jamaa wa karibu wa bakteria hao wanaishi katika togwa na katika machicha ya pombe. Sisemi kwamba kila mfugaji achukue machicha akayatupe bwawani kesho. Nasema kwamba chuo kikuu chenye maabara, kikikutana na kijiji chenye chungu, kingekuwa na swali la kweli la utafiti, lenye faida kwa pande zote mbili.

Wapo watakaoniambia kwamba ufugaji mkubwa hauwezekani bila dawa. Tuitazame Norwei. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni wa nchi ile walitumia karibu tani 50 za antibayotiki, wakati uzalishaji wao ulikuwa haujafika tani 100,000. Leo wanazalisha zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, na katika miaka ya karibuni matumizi yao ya antibayotiki yamekuwa chini ya tani 1. Samaki waliongezeka, dawa ikakaribia kutoweka. Walitengeneza chanjo, wakaweka sheria, wakahitaji cheti cha daktari wa wanyama, wakapumzisha maeneo ya kufugia kati ya msimu na msimu, na wakalazimisha kila dozi iandikwe na kutolewa taarifa. Umoja wa Ulaya nao ulipiga marufuku tangu mwanzo wa mwaka 2006 matumizi ya antibayotiki kama kikuza mifugo. Mambo haya yote yalifanywa na dola inayohesabu vitu sahihi. Wanorwei ni matajiri, nakubali. Lakini daftari la kuandika dozi halihitaji utajiri.

Hapa ndipo ninapofika kwenye siasa. Mradi wa mabwawa katika nchi hii hupimwa siku ya uzinduzi. Mabwawa yaliyochimbwa ni mangapi, vifaranga vilivyopandikizwa ni vingapi, vikundi vilivyowezeshwa ni vingapi, fedha zilizotolewa ni kiasi gani. Hizo ni hesabu za vitu vinavyoonekana kwenye picha. Bwawa likichimbwa, limehesabiwa. Samaki wakifa mwezi wa saba, hakuna anayelifuta kwenye orodha. Mwaka unaofuata bwawa lile lile, likiwa limeota magugu, bado limo katika jumla ya mabwawa ya wilaya, na jumla hiyo inasomwa kwa sauti mbele ya mgeni rasmi.

Simlaumu afisa ugani. Aghalabu ni kijana mmoja mwenye pikipiki moja na kata kadhaa, aliyesomea mifugo kwa ujumla, anayetakiwa kujua ng'ombe, kuku, nyuki na sasa samaki. Anapimwa kwa idadi, anatafuta idadi. Samaki akifa hana mahali pa karibu pa kumpeleka apasuliwe na kuchunguzwa. Bila uchunguzi kila dawa ni bahati nasibu. Mwaka 2018 watafiti walichapisha taarifa kwamba kirusi kiuacho sato, kilichokuwa kimegunduliwa kwanza nchini Israeli, kimeonekana katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na upande wa Uganda. Kirusi hakisikii antibayotiki hata kidogo. Vifaranga husafirishwa kutoka mkoa hadi mkoa. Mfugaji wa Laela anayeona samaki wake wanakufa angejuaje kama ni baridi, ni bakteria, ni kirusi, au ni oksijeni iliyokwisha? Pakiti ya dukani inajibu maswali hayo manne kwa jibu moja, nayo inapatikana leo, kwa shilingi alizonazo mfukoni. Mahali ambapo huduma ya umma haipo, dawa hujaza pengo lake.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma hapa, ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Hesabuni mavuno mahali pa mabwawa: kilo zilizotolewa majini baada ya mwaka, na wafugaji waliopandikiza tena kwa fedha zao wenyewe. Andikeni mwongozo wa Ufipa, wenye baridi ya Ufipa ndani yake, unaosema vifaranga vipandikizwe mvua zinapoanza ili miezi ya joto iwe yao, mabwawa yachimbwe na kina cha kutosha, chakula kitolewe alasiri maji yakiwa yamepata jua, na kipunguzwe au kisimamishwe kipindi cha baridi kali. Kinyesi cha kuku kiozeshwe kwanza nchi kavu, kama nyasi za intumba, kabla ya kuingia majini. Na kila mkoa uwe na mtu mmoja na meza moja ya kumpasua samaki aliyekufa, akatoa jibu kabla ndoo ya pili haijajaa.

Kwenu wanaharakati, UVIDA ni suala la haki pia, kwa sababu dawa zikishindwa, mwenye nacho atasafiri kutafuta dawa nyingine, na asiye nacho atazika. Nanyi wanafunzi wangu, mnaoniuliza kila mwaka mada ya tasnifu, nendeni mkaandike historia ya bwawa moja, tangu siku ya uzinduzi hadi siku magugu yalipoota. Mtajifunza juu ya dola kuliko katika vitabu vingi nilivyowapangia.

Kikundi kile cha Laela hakikuvunjika. Walikausha mabwawa, wakaacha tope lipigwe na jua, wakatia chokaa. Banda la kuku likahamishiwa pembeni. Walisubiri hadi mvua za Novemba, wakapandikiza nusu ya vifaranga vya mara ya kwanza. Walinunua kipimajoto kimoja, nacho kinaning'inia kwa kamba kwenye mti wa kando ya bwawa. Mwekahazina ana daftari la shule lenye safu nne alizozipiga kwa rula: joto la asubuhi, joto la alasiri, chakula kilicholiwa, samaki waliokufa. Nimezisoma kurasa zake. Katika kurasa zile bwawa lina maisha, lina siku njema na siku mbaya, na mtu anaweza kuuona ugonjwa ukija siku tatu kabla haujafika.

Fomu ya taarifa ya robo mwaka haina safu hizo. Inayo moja tu, iliyoandikwa "idadi ya mabwawa", na katika safu hiyo kikundi chake kimeandikiwa mbili, mwaka ule wa vifo na mwaka huu pia. Ningependa kumfahamu afisa wa kwanza atakayeazima rula ya mama yule.